Naomba ushauri: kumhifadhi askari mtoro katika sheria ya India

Ndugu wanasheria, habari zenu. Ninaandaa makala ya darasani kuhusu Bharatiya Nyaya Sanhita, iliyoanza kutumika India tarehe 1 Julai 2024 mahali pa kanuni ya adhabu ya 1860, ile ile iliyowahi kutumika Kenya na Tanganyika.

Kifungu cha 164 kinasema kwamba anayemhifadhi mwanajeshi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ametoroka jeshini, atafungwa hadi miaka 2, au atatozwa faini, au vyote viwili. Zamani, katika kifungu cha 136, aliyesamehewa ni mke aliyemficha mumewe tu. Sasa msamaha ni wa mwenzi yeyote wa ndoa, jambo ambalo kwangu ni la haki. Mama mzazi, hata hivyo, hakutajwa.

Naomba mnishauri: mama aliyemlaza mwanawe usiku mmoja na kumpa chakula, huku akidhani yuko likizoni, atetewe kwa hoja gani? Je, nishikilie kwamba hakuwa na sababu ya kuamini, au niombe tu apunguziwe adhabu?