Wakuu, tovuti inawatupa wasomaji kwenye kamari. Niweke plagini gani ya ulinzi?

Mwambao_Kijana:
Heshima kwenu wakuu. Nipo Tanga mjini, naandika kwenye tovuti ya habari za hapa kwetu, inaendeshwa kwa WordPress (programu ya kutengenezea tovuti): nafasi za kazi, matangazo ya misiba, mechi za Coastal Union na African Sports, bei ya machungwa ya Muheza msimu ukifika. Wasomaji wapo. Sasa wameanza kulalamika kwamba wakifungua kwa simu wanatupwa kwenye tovuti ya kamari. Mimi nikifungua kwa kompyuta yangu, shwari kabisa. Shehe mmoja wa Ngamiani alikuwa anatafuta tangazo la msiba akakutana na mambo ya kubeti, akanipigia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nimeshaweka plagini tatu za ulinzi, vile viongezi vya WordPress, na bado. Naomba jina la moja iliyo kiboko. Jina tu wakuu, nina presha.

KambiPopote:
Nimeweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

Mwana_Mgandini:
Hiyo kamari inalipa? Weka linki basi, leo Coastal wananipa wasiwasi.

Fundi_Makorora:
Plagini tatu za ulinzi kwenye tovuti moja zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na kurasa zinakuwa nzito bure. Baki na moja. Mimi natumia Wordfence ya bure; ujue tu kwamba kanuni mpya za ukuta wake wa kuzuia wavamizi zinatufikia sisi wa bure siku 30 baada ya wanaolipia. Inakagua mafaili kwa kuyalinganisha na yaliyopo WordPress.org, ghala rasmi la plagini, kwa hiyo plagini uliyoiokota kwingine haina cha kulinganishwa nacho.

Hilo la kuonekana kwa simu tu ni makusudi. Virusi vya aina hiyo mara nyingi vinamkwepa aliyeingia kama msimamizi ili achelewe kujua. Chukua simu ambayo haijawahi kuingia kwenye hiyo tovuti, itafute Google, bonyeza, utakutana nacho.

Sasa nijibu mawili: plagini zako nyingine umezitoa wapi, na watu wangapi wana ngazi ya Msimamizi?

Mzee_wa_Mkonge:
Kabla ya plagini, mwanangu, leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, unayo? Kanuni za maudhui ya mtandaoni zimekuwepo tangu 2018, zikatungwa upya 2020. Vijana mnafungua tovuti za habari kama mnafungua genge la nyanya. Halafu mnashangaa.

Mwambao_Kijana:
Mzee shikamoo, hilo la leseni tuliache kwanza.

Fundi, plagini zote nimezitoa WordPress.org isipokuwa ya kupangia kurasa. Hiyo nilitumiwa kwenye kundi la Telegram, ni ya kulipia ila leseni imeshafunguliwa. Kila mtu anatumia hizo mkuu, sio mimi tu, na inapiga kazi kuliko ya bure. Kuhusu ngazi, mimi ni Mhariri, mambo ya wasimamizi siyajui sana. Nilichouliza ni plagini.

Bint_Chumbageni:
Umenikumbusha yangu jamani. Nina tovuti ya mapishi, mkate wa kumimina, vileja, samaki wa kupaka, na kuna kijana alikuwa ananisaidia kupandisha picha. Alipopata kazi Pangani akaniachia mdogo wake amalizie, mdogo mtu akaona vizuri amfute kaka yake kwenye orodha ya watumiaji. Sasa WordPress ukimfuta mtumiaji inakuuliza: makala zake zifutwe zote, au zihamishiwe kwa mtumiaji mwingine? Mtoto hakusoma, kabonyeza zifutwe. Mapishi yote ya Ramadhani yalikuwa kwa jina la yule kaka. Yote! Nilikaa na simu mkononi nacheka kama mwehu.

Kilichoniokoa ni UpdraftPlus, plagini ya kuhifadhi nakala za tovuti, ilikuwa inapeleka nakala Google Drive yenyewe bila mimi kukumbuka. Tulirudisha, ila maoni ya wateja ya siku za katikati hayakurudi. Kuna mama mmoja wa Raskazone aliniandikia namna ya kuzuia vileja visipasuke, mpaka leo sijui alisemaje. Mwenye kujua aniambie.

KambiPopote:
Vileja punguza unga wa ngano dada, na usikande sana.

Njoo_na_Ushahidi:
Vileja baadaye. Rudini kwenye maelezo ya huyu bwana. Anasema yeye ni Mhariri. Anasema pia ameweka plagini tatu za ulinzi na nyingine ya Telegram. Wakuu, kwenye WordPress ya kawaida Mhariri anahariri na kuchapisha makala za wote, lakini menyu ya plagini haioni kabisa. Kuweka plagini ni kazi ya Msimamizi. Sasa hizo nne zimewekwa na nani, jini wa Amboni?

Hii chai. Sukari imezidi.

Fundi_Makorora:
Hata mimi hapo ndipo nilipokwama. Mwambao, funguka.

Mwambao_Kijana:
Sio chai. Nilitumia akaunti ya shemeji. Yeye ndiye Msimamizi, na neno la siri alinipa mwenyewe zamani. Ni aliyekuwa mume wa dada yangu, wameachana, sasa yupo Dar. Hosti, kule tovuti inakohifadhiwa, analipia yeye, na domeni, yaani anwani ya tovuti, imeandikwa kwa jina lake. Ila makala zote nimeandika mimi, wasomaji nimewatafuta mimi, yeye ni kulipa tu.

Na ili mjue yote, jana nimejiongeza kuwa Msimamizi, nikabadilisha barua pepe ya akaunti yake nikaweka yangu. Sioni ubaya. Angeamka siku moja na hasira za talaka akafuta kila kitu, mngenionaje?

Mzee_wa_Mkonge:
Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu mtu anayeingia kwenye mfumo bila idhini. Neno la siri ulipewa ukiwa shemeji. Kajiulize leo umeingia kama nani. Na huyo ni baba wa wapwa zako, talaka ni ya dada yako, wewe hukuandikiwa.

Mwana_Mgandini:
Mzee katoa hukumu na faini hajataja.

Njoo_na_Ushahidi:
Mimi bado sijashawishika. Kilichoanza kama "nipeni plagini" kimeishia kwenye kumfungia mtu nje ya mali yake. Naona mambo mawili: ama hadithi ni ya kutunga, ama wewe ndiye huyo mtalaka unayetaka kupora tovuti ya mkeo, ukageuza majina. Watu wanakuja hapa kujifunza wizi kwa kujifanya wameibiwa.

Mwambao_Kijana:
Mkuu unanikosea heshima. Ningekuwa mwizi ningeuliza hadharani?

Njoo_na_Ushahidi:
Ndivyo wanavyofanya.

Fundi_Makorora:
Iwe chai iwe kahawa, mwingine mwenye shida hiyo atasoma, kwa hiyo naandika.

Ile plagini ya Telegram usiizime tu, ifute. Huo mlango ndio ninaoushuku kuliko mingine yote, maana anayefungua leseni bure mara nyingi anaacha chake ndani. Kisha angalia folda ya mu-plugins kwenye hosti; vilivyomo humo vinajiwasha vyenyewe na havikai kwenye orodha ya kawaida ya plagini. Kagua watumiaji, msimamizi usiyemjua aondoke. Badilisha zile funguo za siri kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, kila aliyeingia atatolewa, na wewe pia. Wanaokuletea habari wape Mchangiaji: anaandika lakini hachapishi. Na siku ukichagua plagini, soma ilisasishwa lini mara ya mwisho kabla ya kusoma sifa zake.

Lakini Mwambao, mafaili hayo yapo kwenye hosti ya shemeji. Mwenye hosti anaingia kwenye kanzidata na kumpandisha au kumshusha yeyote anayemtaka, kwa hiyo hujamfungia popote. Tena ulipobadilisha barua pepe, WordPress ya kawaida hutuma taarifa kwenye barua pepe ya zamani. Usidhani hajui.

Mwambao_Kijana:
Mungu wangu.

Basi nahamisha makala zangu niende kwenye domeni mpya. Nimeshaongea na mtu wa kunisaidia, nimempa na kianzio. Nikihamisha kwa ile sehemu ya Zana si zinakuja zote?

Fundi_Makorora:
Maandishi yanakuja. Picha hazimo ndani ya faili lile, ni anwani zake tu. Tovuti mpya inazivuta kutoka ya zamani wakati wa kuingiza. Ya zamani ikizimwa kabla, picha huna.

Bint_Chumbageni:
Na domeni ya zamani inaisha lini?

Mwambao_Kijana:
Mwezi huu. Na shemeji ameshanitumia ujumbe, mstari mmoja tu: "Ile ya kupangia kurasa uliitoa wapi?"

Njoo_na_Ushahidi:
Weka picha ya huo ujumbe.

Mwambao_Kijana:
Namba yake inaonekana.

Njoo_na_Ushahidi:
Ifiche.

Bint_Chumbageni:
Achana naye huyo. Umemjibu shemeji yako?

Mwambao_Kijana:
Bado. Nafikiria nimwambie ilikuja na tovuti.

Fundi_Makorora:
Tarehe ya kila faili ipo kwenye hosti yake. Mpigie.