Kukodi gari la teksi mtandao Arusha: hesabu ya siku, mkataba au kampuni?

Kijana wa Ngarenaro
Habari za jioni wakuu. Nimeendesha bodaboda miaka minne, leseni ya gari ninayo, sasa nataka kuingia teksi mtandao hapa Arusha. Gari sina. Nimepata njia tatu na nimekwama kuchagua.

Tajiri mmoja wa Njiro ana Toyota IST, anataka hesabu, yaani malipo ya kukodi gari, 20,000 kila siku, siku saba za wiki. Matengenezo madogo yangu, makubwa yake. Kuna mama wa Sakina anatoa IST kwa mkataba: 170,000 kwa wiki, miezi 24, nikimaliza gari linakuwa langu. Halafu kuna kampuni, 180,000 kwa wiki na amana 500,000, bima na matengenezo juu yao.

Mke wangu anaegemea mkataba kwa sababu mwisho wake kuna kitu. Mliotangulia naombeni uzoefu.

Dereva Mianzini
Karibu kazini mdogo wangu. Mimi ni wa hesabu ya siku, mwaka wa tatu sasa. Nakupa ukurasa mmoja wa daftari langu, Jumanne ya kawaida: nimeingiza 70,000. Kamisheni ya mtandao 14,000. Mafuta 22,000. Kuosha gari 4,000, maana nilipanda Moshono na vumbi lile abiria wa pili hapandi. Hesabu ya tajiri 20,000. Nimebaki na 10,000, na hapo sijala.

Angalia kitu kimoja: kamisheni inapanda na kushuka na kazi, mafuta vilevile. Hesabu haishuki. Mvua ikinyesha mchana kutwa, ukiumwa, gari likilala gereji, ile 20,000 inakungoja palepale. Kwa hiyo usibishane naye bei kwanza. Muulize: siku ya gereji nani analipa? Mimi wa kwangu tulikubaliana siku sita za hesabu, ya saba yangu, na gari likilala kwa ubovu ambao si wangu hesabu inasimama. Aprili na Mei watalii wakipungua nampa 15,000. Nililiomba hilo mapema, Januari, wakati kazi iko juu na yeye anafurahi.

Na hilo neno "madogo" na "makubwa" liandikeni kwa majina. Oili, pedi za breki, taa: yako. Injini, gia boksi: yake. Shokapu na bushi ndizo zinazogombanisha watu, kwa barabara zetu za mitaani zinakwenda haraka.

Mzee wa Kijenge
Kijana, mwambie mkeo asubiri kidogo, kisha akusomee mkataba wa huyo mama neno kwa neno.

Miezi 24 ni wiki 104. Mara 170,000 ni 17,680,000. Nenda kaulize IST ya umri ule inauzwaje leo, ndipo ujue unanunua nini. Bei kuwa juu si kosa, anakukopesha. Shida iko kwenye kipengele cha kuchelewa. Mimi wangu uliandikwa: "dereva akichelewesha wiki mbili mfululizo, gari litarudi kwa mmiliki na malipo yote yatahesabika kuwa kodi." Nikasaini, nilikuwa na haraka ya gari. Mwezi wa 14 gia boksi ikafa. Gari likakaa gereji wiki tatu likisubiri gia boksi ya mtumba, na kwenye mkataba gereji ni juu yangu. Wiki ya tatu mwenye gari akaja na funguo ya akiba akaondoka nalo. Nilikuwa nimeshalipa zaidi ya milioni 10. Gia boksi niliinunua mimi, ikaondoka ndani ya gari.

Sisemi mkataba ni mbaya. Shemeji yangu alimaliza wake, kadi ya gari ina jina lake leo. Lakini wake ulisema akikwama, wiki zinasogezwa mbele, na gari likirudishwa kabla ya mwisho anarejeshewa sehemu ya alicholipa. Walisaini mbele ya wakili. Ukipata hayo mawili, chukua.

Dada wa Bima
Naongezea upande wangu, nauza bima. Mwombeni mwenye gari namba ya usajili, mhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, haichukui dakika mbili. Msitazame tu kama ipo, tazameni ni ya matumizi gani. Gari lenye bima ya matumizi binafsi likigonga likiwa na abiria wa kulipa, fidia ina kila sababu ya kukataliwa, na mwenye gari atamgeukia dereva. Namba ya gari yenyewe inakuambia mengi: ya njano ni binafsi, nyeupe ni biashara.

Kwa namba hiyohiyo angalieni madeni ya faini za trafiki na maegesho. Faini inaandikwa kwenye gari, 30,000 kila kosa. Ukisimamishwa, aliyetangulia kuendesha hayupo, upo wewe.

Mdau wa Moshi
Huku Moshi wengi wanatumia Toyota Passo, ya injini ndogo, kwa sababu ya mafuta. Mjini, Majengo hadi KCMC, inatosha kabisa. Ukipata abiria wa Kibosho, kule mlimani, na watu wanne na mizigo, utaisikia injini inavyolia. Ukikodi, uliza pia injini, si bei tu.

Kabla ya kupokea gari lolote: fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa ili usijue.

Tengeru Express
Kampuni nilikaa nayo miezi mitano, siitaji jina. Gari zuri, gereji yao kweli. Ila kulikuwa na kikomo cha kilomita 1,000 kwa wiki, ya ziada 300 kila moja. Kwenda uwanja wa ndege wa KIA na kurudi mjini ni kama kilomita 100. Safari nne za uwanja wa ndege ambazo ndizo zinazolipa, umeshakula karibu nusu. Pili, gari lina jipiesi na wanaweza kulizima kwa mbali. Malipo yangu yalichelewa usiku mmoja, likazimwa Usa River nikiwa na mama na mtoto ndani, saa tatu usiku. Nililia.

Amana walikata 180,000 kwa mkwaruzo wa bampa ambao gari lilikuja nao. Sikuwa na picha. Piga video, zunguka gari lote, onyesha hadi kilomita za dashibodi na tairi la akiba, mtumie mwenye gari WhatsApp siku hiyohiyo.

Dereva Mianzini
Na akaunti ya mtandao iwe kwa jina lako, namba yako. Jisajili kwenye mtandao zaidi ya mmoja. Aprili 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walipoweka kikomo cha kamisheni cha wakati ule, 15%, Uber walisimamisha huduma nchini. Hesabu za matajiri hazikusimama.

Kijana wa Ngarenaro
Asanteni sana wakubwa zangu. Nimerudi na majibu. Mama wa Sakina amekataa kubadili kipengele cha kuchelewa, tumeagana kwa heri. Wa Njiro amekubali siku sita na gereji kusimamisha hesabu, ila gari lina namba ya njano. Amesema atabadilisha usajili na bima ndani ya wiki mbili. Nimemwambia nitachukua funguo siku hiyo, kwa sasa bado niko kwenye boda.