Wakuu, naomba deki ya Clash Royale kabla ya Jumamosi

Kibarango (mtoa mada): Habari zenu wakuu. Nimeanza Clash Royale, huu mchezo wa kadi wa kwenye simu, juzi kati hapa na nimekwama uwanja wa 5. Nachapwa kila nikiingia. Deki yangu (zile kadi 8 za kuingia nazo) ni Giant, Wizard, Prince, P.E.K.K.A, Archer Queen, Witch, Baby Dragon na Fireball. Kadi zote nzito, lakini vijitu vya Goblins vinanibomolea mnara huku naangalia. Naomba ushauri wa kueleweka, na mapema, maana Jumamosi kuna jambo lazima niwe nimeshaliamua. Matusi hapana.

Fundi wa Mnara: Mkuu, jumlisha gharama za hizo kadi. Zinafika 40, gawa kwa 8, wastani 5. Eliksa, ile nguvu ya kulipia kadi, haizidi 10, na dakika za mwanzo inaingia 1 kila sekunde 2.8. Ukishusha P.E.K.K.A wa 7, unasubiri karibu sekunde 20 kuirudisha. Mwenzako anaachia Skeleton Army ya 3, lile kundi la vifupa, inamzingira, P.E.K.K.A anapiga kifupa kimoja kimoja mpaka anaanguka. Mwenzako amebaki na faida ya 4 na wewe huna kitu. Hapo ndipo Goblins wa 2 wanapokumaliza.

Panga hivi: Giant, Musketeer, Mini P.E.K.K.A, Knight, Archers, Goblins, Arrows, Fireball. Wastani 3.5. Giant mwanzishe nyuma kabisa ya mnara wa mfalme. Anavyojikongoja kwenda darajani, eliksa inajaa, unampa Musketeer wa kumfuata mgongoni. Na dhahabu usigawe kwa kila kadi. Pandisha levo hizo 8 tu.

Mzee Kijiweni: Mimi nilianza 2016, ule mwaka Supercell walipoitoa. Tulikuwa tunacheza nje ya duka la vocha, simu moja watu wanne, anayefungwa anampisha mwenzake. Kuna jamaa alikuwa hachezi kitu mpaka mpinzani aanze. Anakaa tu, eliksa 10 imejaa, sisi tunampigia kelele. Halafu anakujibu kadi yako kwa kadi ya bei nusu. Hakuna aliyewahi kumfunga mara mbili mfululizo. Siku hizi ana watoto, hachezi tena.

Shangazi wa Ilala: Mwanangu, Jumamosi kuna nini?

Kibarango: Ni mambo binafsi shangazi. Tubaki kwenye deki.

Bwana Bando: Mtu anaomba deki ana tarehe ya mwisho kama rejesho la mkopo. Sema ukweli tukusaidie.

Kibarango: Basi sawa. Kuna kijana anauza akaunti yake, ina kadi zote za maana na levo za juu. Laki tatu. Nusu nimeshamlipa, iliyobaki Jumamosi. Nilitaka kujua tu kama nikiwa na deki nzuri nitaimudu. Ni mtu mwaminifu, tunaongea kila siku, ananiita braza.

Fundi wa Mnara: Deki haitakusaidia huko. Akaunti ya juu inakupanga na watu wa juu, na wao wanahesabu eliksa yako vizuri kuliko wewe mwenyewe. Isitoshe, masharti ya Supercell hayaruhusu kuuziana akaunti. Ikifungwa hauna pa kulalamika.

Shangazi wa Ilala: Hiyo laki na nusu uliyotoa ni yako?

Kibarango: Nitairudisha.

Shangazi wa Ilala: Sijauliza kama utairudisha.

Kibarango: Ni michango ya send-off ya dada yangu, mimi ndiye mweka hazina. Shughuli yenyewe bado ni mwezi ujao na kuna ahadi nyingi hazijaingia. Hakuna atakayejua. Jamani, nusu imeshakwenda. Nikiacha sasa si ndiyo nimeitupa?

Shangazi wa Ilala: Watu wamejinyima ili binti avalishwe vizuri, wewe unamnunulia mtu wa kwenye simu. Mwite mwenyekiti wa kamati leo, mwambie kabla hajaulizwa na mpishi. Aibu ya leo ni ndogo.

Msomi Mabibo: Subirini. Hii ni chai. Mtu yuko uwanja wa 5 ana Archer Queen? Yule ni champion, kadi za daraja la juu kabisa, hapatikani huko chini hata kwa dawa. Nawaambia huyu ndiye muuzaji mwenyewe. Kesho ataandika "nimebadili mawazo, anayeitaka akaunti aje PM".

Bwana Bando: Hahaha, nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Uzi bila picha ni batili. Weka picha.

Kibarango: Siuzi chochote. Uwanja wa 5 ni kwenye akaunti yangu. Deki niliyoandika ni ya hii ya jamaa, amenipa niijaribu. Nikitaka kuingia ananitumia zile namba za kuthibitisha, naweka, inafunguka. Hata jana usiku amenitumia.

Fundi wa Mnara: Kwa hiyo Supercell ID, ile ya kuingilia kwenye akaunti, imefungwa na barua pepe yake. Namba zinaingia kwake, halafu anakugawia. Mkuu, siku akichoka kukutumia umeshatoka. Fungua mipangilio usome barua pepe iliyoandikwa pale.

Kibarango: Nimeangalia. Ni yake. Anasema ataibadilisha nikimaliza malipo.

Fundi wa Mnara: Usitume hata mia. Mwambie abadilishe kwanza, uone atajibu nini.

Kibarango: Nimemwandikia. Ameona, hajajibu. Labda yuko kazini.

Shangazi wa Ilala: Mwenyekiti umempigia?

Msomi Mabibo: Mimi bado nasema chai. Ila Fundi, ile deki ya 3.5 nimeijaribu na inakubali. Shida Giant wangu akifika kati anavutwa na Cannon, anaacha mnara. Nafanyaje?

Fundi wa Mnara: Giant anafuata majengo tu, ndiyo maana wanaiweka pale. Cannon ina muda wake, inaisha yenyewe. Muache aipige, Musketeer asaidie kutoka nyuma. Fireball usiitupe kwenye Cannon peke yake, ngoja mpaka na askari wao wajisogeze hapo hapo.