Tupeane uzoefu: baiskeli za mlimani zenye shokapu mbele na nyuma, ulijifunza nini ulipopanda zaidi ya moja?

Kokoto:
Wakuu, habari za leo. Naanza na aibu yangu ili na nyie mseme za kwenu.

Nilipata baiskeli mbili za njia za porini kwa wiki moja, zote fremu ya alumini, zote magurudumu ya inchi 29. Ya kwanza inanesa milimita 130 mbele na 120 nyuma. Ya pili 160 mbele, 150 nyuma. Nikazipitisha kwenye kijia kimoja: mwinuko mrefu wa changarawe, kisha mteremko wenye mizizi iliyolala kama ngazi. Nilitegemea ile kubwa ipite kwenye mizizi kama haioni. Wapi! Ilinitupa huku na huku, viganja vikawaka moto. Ndogo ikapita kwa adabu zake. Nikarudi nyumbani nimeshatoa hukumu kwamba ile kubwa ni ya hovyo.

Siku ya tatu ndipo nikauliza uzito wa jamaa aliyeniazima ile kubwa. Kilo 96. Mimi nina 68. Shokapu hizi hujazwa upepo kulingana na uzito wa mpanda, na mimi nilikuwa natembea na upepo wake! Nikakaa kwenye siti na begi langu, nikashuka taratibu, nikaangalia kile kipete cha mpira kwenye chuma kinachong'aa cha shokapu. Kilisogea milimita 8, wakati chuma chenyewe kina 55. Kwa baiskeli ya aina hii unatakiwa uzame kati ya asilimia 25 na 30 ya urefu huo ukikaa tu, yaani kwangu ilibidi ifike kwenye 15 au 16. Kwa hiyo nusu ya ninachokisifia na ninachokiponda kilikuwa cha mtu mwingine.

Haya, leteni yenu.

Gia Ndogo:
Nimecheka, maana mimi nilifanya zaidi. Nilipanda mlima nikiwa nimekifunga kile kiswichi cha shokapu ili isinese. Kileleni nikanywa maji, nikapiga picha, nikashuka. Mteremko mzima shokapu imefungwa. Chini nikamwambia mwenzangu baiskeli za siku hizi ni ngumu mno. Akainama, akageuza kiswichi, hakusema neno. Tangu hapo baiskeli yoyote naipanda kiswichi kikiwa wazi, hata kwenye mwinuko. Fremu iliyochorwa vizuri haihitaji kufungwa.

Fundi Spoki:
Mkuu Kokoto umegusa penyewe, ila ongezeni na hili. Ukitoa upepo kwenye shokapu, toa kidogo, kisha ikandamize mara kumi hivi ndipo upime tena. Ndani kuna vyumba viwili vya hewa, na bila kuikandamiza havilingani, kipimo kitakudanganya.

La pili ni kile kidude chekundu cha kasi ya kurudi, yaani shokapu inavyojinyoosha ikishabonyezwa. Wengi wanaoleta malalamiko "shokapu imekufa" tatizo liko hapo. Ikirudi taratibu mno, mzizi wa kwanza unaibonyeza, wa pili unaikuta bado iko chini, wa tatu hakuna tena kilichobaki cha kunesa. Mpanda anahisi ugumu, anatoa upepo, anazidi kuharibu. Ikirudi haraka mno inakutupa mbele kama punda. Mimi naanza hivi: nafunga kidude chote, nahesabu milio ya tik hadi katikati, kisha nashuka kwenye kingo ya barabara nikiwa nimekaa. Nyuma inese mara moja na kutulia. Ikinesa mara mbili, funga mlio mmoja. Andika namba kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Nyuma Kavu:
Mimi bado niko na foku (shokapu ya mbele) tu, nyuma kavu kama jina langu. Hizo zenu zinaficha makosa. Ukichagua mstari mbaya inakusamehe, kesho unauchagua tena.

Kokoto:
Sikatai. Lakini kwenye mwinuko wa mawe yaliyolegea nyuma yako inarukaruka na kupoteza kushika, yangu inakaa chini. Huo sio msamaha, huo ni mshiko.

Nyuma Kavu:
Hapo sawa, nakupa moja. Ila beringi za kutunza kwenye viungo, zako ni ngapi na zangu ni ngapi?

Pedeli za Mama:
Wanaume mmeongea shokapu tu, acheni na mimi niseme la kimo. Mimi mfupi. Kila baiskeli ya inchi 29 nyuma niliyojaribu, nikisogeza makalio nyuma kwenye mteremko mkali, tairi inanisugua. Kuna suruali ilitoboka, sitaki maswali. Nikajaribu yenye 29 mbele na 27.5 nyuma, ile wanayoiita maleti, na kwa mara ya kwanza nikapata nafasi ya kukaa nyuma bila hofu. Kwenye kona inageuka mapema zaidi. Ila kwenye mwinuko wenye mawe, gurudumu dogo linagota palepale ambapo 29 ingepanda juu na kupita.

Jambo jingine: siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye hendeli. Ningeambiwa nichague kati ya hiyo na milimita 30 zaidi za kunesa, nachukua siti bila kufikiri.

Gia Ndogo:
Kuhusu siti, mama umemaliza.

Mzizi wa Kati:
Yangu ni pedeli. Fremu nyingi za sasa zinakaa chini ili zitulie kwenye kona, na ukishazama asilimia 30 unakuwa chini zaidi. Mwinuko wa mawe, nakanyaga, paa! Pedeli imegonga jiwe, nimelala ubavu. Mara tatu siku moja. Nikabadilisha mikono ya pedeli kutoka milimita 175 kwenda 165, nikajifunza kukanyaga nusu nusu kwenye mawe. Sasa inagonga mara moja moja. Kama unalinganisha baiskeli mbili, angalia na hilo, maana mwenye 175 ataiponda fremu bure.

Fundi Spoki:
Kuhusu beringi za Nyuma Kavu: kila wiki shika baiskeli kwa siti, inyanyue na kuishusha polepole. Ukisikia kijimlio cha tak kwenye vidole kabla gurudumu halijaachana na ardhi, kuna kiungo kinacheza. Na fremu ikitoa mlio, kabla hujalia kwamba imepasuka, toa nguzo ya siti, ifute, ipake grisi (kama si ya kaboni), irudishe. Nimeletewa "fremu zilizopasuka" nyingi zilizopona hivyo. Foku nayo ifungueni miguu ya chini na kubadilisha oili kila baada ya saa 50 au zaidi kidogo, kulingana na kitabu chake.

Na wale wanaogombana kuhusu miundo ya viungo vya nyuma: yenye pivoti moja (kiungo kimoja tu cha kuchezea) nyingi zinakakamaa nyuma ukibana breki ya nyuma. Ule muundo wenye kiungo kilicho mbele kidogo ya ekseli, wa mbunifu Horst Leitner, unaacha nyuma iendelee kunesa. Ndiyo maana kampuni ya baiskeli ya Specialized walishikilia hataza yake Marekani kwa miaka. Ila pivoti moja yenye upepo sahihi inaishinda nyingine yoyote yenye upepo wa jirani.

Kokoto:
Nimerudi na mrejesho. Safari hii tairi za aina moja kwenye zote mbili, bila tyubu, presha ya upepo psi 22 mbele na 25 nyuma, shokapu zote nimezipima kwa kilo zangu. Ile kubwa kwenye mizizi ilikuwa baiskeli nyingine kabisa. Kipete kilifika milimita 52 kati ya 55, viganja havikuuma, nikajikuta nimeachia breki mahali ambapo sijawahi kuachia. Lakini ina kilo 15 na ushee, na kwenye mwinuko wa changarawe nilishuka kusukuma mara mbili. Ndogo sikushuka hata mara moja.

Pedeli za Mama:
Kwa hiyo umechagua ipi?

Kokoto:
Ndogo. Muda wangu mwingi porini ni kupanda. Kubwa nimemrudishia mwenyewe, na upepo wake nimemjazia ule ule, psi 230.