Mahakama za Ulaya zilipunguzaje mrundikano wa kesi, na sisi wa Lamu na Malindi tuchukue lipi?

Mwana wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya watumiaji wa mahakama hapa Lamu, na nawasemea akina mama wenye mashauri ya ardhi na mirathi. Katika kikao kijacho nimepewa dakika ishirini kueleza namna nchi nyingine zilivyoshughulikia ucheleweshaji wa kesi. Nimechagua Ulaya kwa sababu nasikia huko wana chombo maalumu kinachopima kazi ya mahakama, lakini bado sijaelewa kinavyofanya kazi.

Jambo hili linanigusa. Shauri la kiwanja alichotuachia marehemu baba limekaa miaka tisa katika mahakama moja ya bara. Mara nyingi nimetoka nyumbani kabla ya alfajiri, nikavuka kwa mashua hadi Mokowe, nikapanda basi, na nilipofika nikaambiwa faili halionekani, au wakili wa upande wa pili ana udhuru, au hakimu amekwenda kwenye mafunzo. Juzi nilikaa nikahesabu siku ambazo shahidi alisikilizwa kweli au wakili alitoa hoja ya maana, na hazikufika sita. Muda mwingine wote ulikuwa wa kungoja tarehe, na mashahidi wetu wawili wamefariki kabla ya kufikiwa.

Naomba kujua mambo mawili. Je, Ulaya waliongeza majaji tu, au kuna jambo jingine walilolifanya? Na kesi zikienda mbio, hukumu hazitakuwa za kulipua?

Karani Mstaafu (Malindi) anajibu:

Wa alaykum salaam, binti yangu. Nimefanya kazi ya masjala miaka mingi, na hiyo hesabu yako ya siku sita ndiyo ungeanza nayo kikaoni, kwa maana marekebisho ya Ulaya nayo yalianzia kwenye kuhesabu.

Chombo unachokiulizia ni Tume ya Ulaya ya Ufanisi wa Haki, ambayo kwa kifupi huitwa CEPEJ. Iliundwa mwaka 2002 na Baraza la Ulaya lenye makao yake Strasbourg, Ufaransa. (Usilichanganye na Umoja wa Ulaya, Baraza ni kubwa zaidi, lina nchi wanachama 46.) Chanzo chake ni Ibara ya 6 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa katika muda unaofaa. Wananchi walikuwa wakizishtaki serikali zao Strasbourg kwa kucheleweshewa kesi, na Italia ilishindwa mara nyingi mno, hata mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo Strasbourg, ikasema kwamba ucheleweshaji wa Italia umekuwa mazoea yanayokwenda kinyume cha Mkataba. Italia ilijibu mwaka 2001 kwa sheria iitwayo Pinto, inayomruhusu mwananchi kudai fidia kwa kesi iliyopitiliza muda. Matokeo yake ni kwamba madai ya fidia nayo yalirundikana katika mahakama za rufaa, na malipo yenyewe yakachelewa. Naukazia mfano huu kwa sababu wako wenzetu wanaodhani kuwa fidia ni dawa. Fidia humpoza aliyeumia, lakini faili hubaki pale pale lilipokuwa.

CEPEJ hutumia vipimo viwili ambavyo hata mtoto wa darasa la nane anaweza kuvikokotoa. Cha kwanza huuliza: kwa kila kesi mia zilizofunguliwa mwaka huu, ni ngapi zilizomalizwa? Zikifunguliwa 450 na kumalizwa 400, jibu ni kama asilimia 89, na chochote kilicho chini ya mia maana yake ni kuwa mlima unakua. Cha pili huchukua kesi zilizobaki mwisho wa mwaka, huzigawa kwa zile zilizomalizwa, kisha huzidisha kwa 365. Zikibaki 600 na zilizomalizwa ni 400, basi kwa mwendo huo mahakama inahitaji takriban siku 548 kumaliza zilizopo. Takwimu za nchi hutangazwa kila baada ya miaka miwili, kila mtu akaziona. Hapo jaji mkuu wa mahakama hawezi tena kusema kwamba kazi inakwenda vizuri ilhali tarakimu zinasema vingine.

Sasa swali lako kuhusu kuongeza majaji. Mwaka 2001, rais wa mahakama ya Turin, Italia, Jaji Mario Barbuto, aliamuru kesi zote za madai zihesabiwe kwa umri wake: ngapi ni za mwaka mmoja, ngapi za mitatu, ngapi zimepita mitano na kumi. Kisha akawaandikia majaji wenzake mwongozo kwamba kesi kongwe zitangulie, na maahirisho yadhibitiwe. Hakupewa majaji wapya wala fedha za ziada, na kesi kongwe zikapungua sana. Mimi nilipousoma mfano ule nilisikitika, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya masjala sikuwahi kuombwa kuyapanga mafaili kwa umri. Tuliyapanga kwa namba, na kesi ngumu za zamani zikawa zinasukumwa nyuma kwa sababu nyepesi za jana zinamalizika upesi na kupendezesha ripoti.

Mwanafunzi wa Sheria (Shela, Malindi) anajibu:

Shikamoo mzee Karani, na shikamoo Bi Langoni. Naomba nigusie swali la pili, kwa sababu naona lina uzito kuliko tunavyolichukulia.

Mahakama ya Haki za Binadamu yenyewe ilipitia mtihani huu. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa na maombi zaidi ya 160,000 yanayosubiri. Itifaki ya 14, yaani nyongeza ya ule Mkataba wa Haki za Binadamu iliyoanza kutumika Juni 1, 2010, ilimruhusu jaji mmoja kuyakataa maombi ambayo ni wazi hayana msingi, kazi iliyokuwa ikifanywa na majaji watatu. Mlima ule ulishuka kwa kasi. Lakini mtu aliyeandika malalamiko yake kwa miezi, pengine akiwa gerezani, alipokea barua fupi ya kumwambia ombi limekataliwa, bila sababu inayohusu jambo lake. Mahakama ilikosolewa sana, na mwaka 2017 ikabadili utaratibu ili barua ya jaji mmoja itaje sababu kwa uwazi zaidi. Mimi naliona hili kuwa funzo kubwa kuliko tarakimu zenyewe: anayeshindwa kesi huweza kuvumilia kushindwa, ila hawezi kuvumilia kutojua kwa nini.

Uholanzi nako, mwaka 2005 mahakama zilianza kupewa fedha kwa kutazama idadi ya kesi zinazoamuliwa. Desemba 2012 majaji wa Leeuwarden walitoa tamko, likaungwa mkono na mamia ya wenzao nchini kote, wakisema shinikizo la kutoa hukumu nyingi linahatarisha ubora wa kazi yao. Kwa hiyo Bi, ukienda kikaoni na vipimo viwili vya mzee Karani peke yake, utakuwa umebeba nusu ya mzigo. Baraza la ushauri la majaji wa Ulaya, katika maoni yake ya mwaka 2008, lilisisitiza kwamba hukumu iandikwe kwa lugha rahisi inayoeleweka na wahusika na itoe sababu zake. Sisi huku pwani tuna wazee wanaotoka mahakamani wakimuuliza wakili, "Kwani tumeshinda au tumeshindwa?" Hilo nalo ni suala la ubora, na halionekani katika hesabu ya siku.

Muuza Samaki wa Jumla (Malindi) anajibu:

Mimi nasema upande wa mdai. Kuna mteja ninayemdai shilingi 180,000 tangu mwaka juzi, naye hana haraka hata kidogo, kwa maana kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: kila kesi ikiahirishwa, yeye anazidi kuzungusha fedha zangu. Umoja wa Ulaya una utaratibu wa madai madogo baina ya nchi, ulioanza kutumika mwaka 2009 kwa madai yasiyozidi yuro 2,000, na tangu 2017 kiwango ni 5,000. Mtu hujaza fomu, mambo mengi huendeshwa kwa maandishi, na si lazima awe na wakili. Kenya nasi tuna Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, kiwango ni shilingi milioni moja, na shauri linapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ningependa Bi Langoni aulize kikaoni lini watu wa visiwani watanufaika nayo kikamilifu, na kwa lugha gani fomu zitajazwa.

Karani Mstaafu (Malindi) anajibu:

Mwanangu mwanasheria amenisahihisha vyema, nami nakubali. Naongeza moja tu. Kaskazini mwa Finland, katika eneo la mahakama ya rufaa ya Rovaniemi, tangu mwaka 1999 majaji, mawakili na waendesha mashtaka hukutana na kujadili ubora wa kazi: namna ya kuandika sababu za hukumu, namna ya kuongoza usikilizaji, namna ya kupima adhabu zilingane. Hawamkagui jaji mmoja mmoja, jambo ambalo lingegusa uhuru wake. Hukubaliana kwa pamoja juu ya viwango. Kamati yenu ya Lamu tayari inakalisha meza moja hakimu, polisi, mawakili na raia, kwa hiyo chombo mnacho. Kinachokosekana ni ajenda.

Mwana wa Langoni (Lamu):

Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu zangu. Sitaomba majaji wapya. Nitaomba orodha ya kesi inayobandikwa ubaoni iongezwe safu mbili: mwaka shauri lilipofunguliwa, na idadi ya maahirisho pamoja na sababu ya lile la mwisho. Nitaomba pia kwamba hukumu inaposomwa, wahusika waelezwe kwa Kiswahili, kwa dakika chache, nani ameshinda, kwa sababu gani, na ana siku ngapi za kukata rufaa.

Mzee Karani, barua naiandika kesho baada ya Isha. Nisaidie jambo moja: sababu za maahirisho huandikwa katika daftari la masjala, au hubaki ndani ya faili kwa mwandiko wa hakimu? Kama ni ndani ya faili tu, basi nani atakayezihesabu?