Broad Street ya Oxford na Askofu wa Hegongo

Kikundi: Ukoo wa Muheza

Dada wa Oxford: Shikamooni nyote. Mjomba aliniuliza juzi kuhusu mtaa ninaoupita kila asubuhi nikienda darasani. Unaitwa Broad Street, yaani mtaa mpana, na ni mfupi kiasi kwamba mtu huumaliza kwa dakika chache. Zamani ulikuwa nje ya ukuta wa mji, na uliitwa Horsemonger Street kwa sababu hapo ndipo farasi walipouzwa.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Na ule msalaba wa mawe uliotutumia picha yake, uliotandazwa katikati ya barabara, ni wa nini?

Dada wa Oxford: Hapo ndipo walipochomwa moto maaskofu Hugh Latimer na Nicholas Ridley, tarehe 16 Oktoba 1555, Malkia Mary alipoirudisha Uingereza katika Ukatoliki nao wakakataa kuikana imani yao. Thomas Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliwafuata tarehe 21 Machi 1556. Yeye alikuwa ametia sahihi karatasi za kuikana imani hiyo, lakini siku ya kufa aliyafuta maneno yake, akautanguliza motoni mkono wa kulia uliotia sahihi. Nilikuwa nimeukanyaga msalaba huo wiki nzima kabla sijaambiwa.

Shangazi: Kitabu cha sala cha Kiingereza cha mwaka 1549 kilisimamiwa na Cranmer huyo huyo, na hiki changu cha Kiswahili kilichochakaa jalada ni kitukuu chake. Maskini, sikujua kwamba alikufa hivyo.

Kaka: Na vile vichwa vya mawe vyenye ndevu kwenye picha zako ni vya nani?

Dada wa Oxford: Watu huviita Makaisari tu. Viko mbele ya Sheldonian, ukumbi wa kutunukia shahada uliojengwa na Christopher Wren kati ya mwaka 1664 na 1669. Hivi vya sasa ni vya miaka ya 1970, kwa maana vilivyotangulia, vya mwaka 1868, vilichongwa kwa jiwe bovu na nyuso zikaliwa na hali ya hewa.

Mjomba: Nami nimeona kwenye ramani maktaba inayoitwa Weston Library. Bila shaka wamemheshimu Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyefariki hapa kwetu Hegongo mwaka 1924.

Dada wa Oxford: Uniwie radhi, Mjomba, hata mimi nilidhani hivyo. Jengo hilo lilifunguliwa na Mfalme George wa Sita mwaka 1946, na ufunguo wa fedha ukamvunjikia kitasani. Lilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015, lilipewa jina la Garfield Weston Foundation, taasisi iliyotoa pauni milioni 25. Hata hivyo Askofu wetu hayuko mbali, kwani alisoma Trinity College, chuo kilichoanzishwa mwaka ule ule wa 1555, na lango lake liko mtaa huu huu. Jirani yake ni duka la vitabu la Blackwell's, lililoanza mwaka 1879 katika chumba kimoja kidogo, na ambalo sasa lina ukumbi uliochimbwa chini ya bustani ya Trinity, wenye rafu za urefu wa kilomita kama 5. Nilishuka humo kutafuta kitabu kimoja, nikapanda baada ya saa mbili mikono mitupu.

Mjomba: Basi nimeshindwa kwa jina.

Dada wa Oxford: Kwa jina tu, Mjomba. Kumbukumbu za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyompeleka Weston Zanzibar, zimehifadhiwa na Maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford, na husomewa ndani ya jengo hilo hilo ulilolitaja. Kabla ya kupewa kadi, msomaji hutoa ahadi ambayo mojawapo ya masharti yake ni kutowasha moto wala kuingiza moto maktabani.

Shangazi: Vitabu vinaapiwa visiungue, na maaskofu walichomwa mtaa huo huo mchana kweupe!

Mjomba: Mwanangu, ukishapata kadi, omba makasha ya kumbukumbu za Magila, misheni yetu ya hapa Muheza, kwanza, kisha ya Zanzibar. Ukikuta orodha ya walimu wa shule ya misheni, usiifupishe. Ninakilie majina yote kama yalivyoandikwa, hata yaliyokosewa herufi.

Dada wa Oxford: Nitafanya hivyo, Mjomba. Jumatatu naenda kuomba kadi.