Naomba ushauri: hotuba ya mahafali kwa mafundi, dakika 10

Habari zenu ndugu wanachama. Nimepewa kazi ya kuandika hotuba ya mahafali ya chuo cha ufundi hapa Arua, Uganda. Wahitimu ni washonaji na wachomeleaji vyuma, na wazazi watakuwepo.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno 1,900. Kuisoma kwa sauti kulichukua dakika 18, kabla hata ya kuwasalimu wageni wa heshima, jambo ambalo peke yake hula dakika mbili. Nimepunguza mafunzo kutoka saba hadi matatu, na sasa niko maneno 850.

Kinachonikwamisha ni funzo la kwanza. Nimeegemea hotuba ya mahafali ya Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Juni 2005: alisimulia kwamba ujanani aliacha chuo, akahudhuria darasa la mwandiko wa kupamba herufi, na ujuzi huo ukaja kufaa walipounda kompyuta ya Macintosh miaka kama 10 baadaye. Mfano ni mzuri, lakini fundi anayedaiwa kodi ya chumba hana miaka 10 ya kusubiri. Tena nikisifu kuacha chuo mbele ya wazazi waliouza mbuzi walipe karo, nitawaumiza. Nilijaribu kuruka sehemu hiyo. Mfano ukabaki hauna miguu.

Naomba mnisaidie mawili. Ni mfano gani wa ufundi wa hapa kwetu unaoonyesha ujuzi mdogo ukizaa kazi ndani ya mwaka mmoja au miwili? Na ushauri wa kuweka akiba ya kununulia cherehani au mashine ya kuchomelea, niuweke mwanzo au mwisho?